"Imepungua Yenyewe?" Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwajibika kazini

Kabla sijaanza kufundisha watu mambo haya nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Maswali yaliyo hapa nimeyaokota kwa wauzaji, makeshia, walinzi, wauguzi, makarani na mameneja niliokaa nao darasani. Mengine waliuliza mbele za watu, mengine walisubiri chai ya saa nne wanivute pembeni. Yale ya pembeni nimeyajibu kwa urefu zaidi.

Kuwajibika ni nini hasa, na mbona neno lenyewe linatisha?

Linatisha kwa sababu ya mahali tulipozoea kulisikia. Kwenye taarifa ya habari, "waziri awajibike" maana yake ajiuzulu, na "wahusika watawajibishwa" maana yake kuna watu watapoteza kazi au watafikishwa mahakamani. Meneja akisimama kwenye kikao cha Jumatatu akasema "mwaka huu nataka uwajibikaji", nusu ya waliokaa wanaanza kuangaliana nani anaondoka.

Mfano unaotajwa sana Tanzania ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga. Hakuwatesa yeye, lakini wizara ilikuwa yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Ni mfano mzuri, ila umetuachia fikra kwamba kuwajibika ni tukio kubwa la mara moja maishani, lenye barua na waandishi wa habari. Keshia wa duka la dawa hana pa kujiuzulu wala hahitaji. Kwake kuwajibika ni kufunga hesabu jioni, kuona shoti, yaani upungufu wa fedha, ya shilingi 4,000, na kumwambia mwenye duka usiku huohuo badala ya kusubiri aione mwenyewe.

Tazama na vitenzi: kuwajibika unafanya mwenyewe, kuwajibishwa unafanyiwa. Ukurasa huu unahusu hicho cha kwanza.

Wewe mwenyewe ulikosea wapi?

Swali hili halikosekani, kwa hiyo nalileta mapema.

Semi ilikuja na mifuko 600 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, saa kumi na moja jioni, wingu limefunga. Utaratibu ulikuwa wazi. Kila mfuko unaoshuka, karani anapiga mstari kwenye kipande cha boksi, minne wima na wa tano unaikata. Mimi nasimama upande wa pili nikihesabu safu zinavyopangwa. Tukimaliza tunalinganisha, ndipo nasaini. Matone ya kwanza yalipodondoka nikamtuma karani akimbilie turubai. Nami nikaacha safu zangu, nikaanza kuwahimiza vibarua waharakishe. Tulipomaliza kufunika, dereva akaniletea karatasi, nikaisaini juu ya boneti ya gari, kalamu ikiteleza kwa maji: mifuko 600, hali nzuri.

Asubuhi tukahesabu: 582.

Nikaenda kwa bosi. "Mzee, mifuko imepungua." Akavua miwani. "Imepungua yenyewe?"

Nilisimama pale nikitafuta neno. Sikulipata siku hiyo.

Kwa nini unashikilia sana namna ya kusema? Si maneno tu?

Kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu na la pili lilikuwa la lugha, na la pili ndilo lililomuudhi bosi.

Kiswahili kina mlango wa nyuma, na sote tuna ufunguo wake. Kikombe kimevunjika. Faili limepotea. Ripoti imechelewa. Mteja amesahaulika. Sentensi hizi zimenyooka kisarufi, na mara nyingine ndizo za adabu: mgeni akiangusha glasi kwako, unasema imevunjika, basi, hutaki afedheheke. Lakini zitazame vizuri. Ukisema "kimevunjwa", msikilizaji anaweza kuuliza "na nani?" Ukisema "kimevunjika", swali hilo halina pa kuning'inia. "Kimevunjika na Juma" haisemeki. Kauli ya kutendeka imemfuta mtendaji kabla hujafungua mdomo vizuri.

Zoezi ninalowapa watu ni la wiki moja. Kila utakapojisikia unasema "ime-" juu ya jambo lililokuwa mikononi mwako, rudi nyuma useme "ni-". Mimi nilipaswa kumwambia bosi: "Mzee, jana nilisaini 600 bila kuhesabu, mvua ilinipa haraka. Leo tumepata 582." Linganisha na ile ya kwanza. "Mifuko imepungua" inampa bosi hasira na hakuna cha kushika. Hii ya pili inamwonyesha pa kuanzia: ampigie msambazaji asubuhi hiyo hiyo, ajue dereva ni nani, na ajue kwamba kipande cha boksi cha karani kiliishia mstari wa mia tatu na kitu. Ni taarifa, na imekuja na anwani.

Neno jingine la kuangalia ni "pole". Mtu akijikwaa barabarani unampa pole ingawa hukumsukuma, na ndio uzuri wa neno hilo. Lakini ukimwaga chai juu ya nyaraka za mwenzio ukamwambia "pole", umejiweka kundi la wapita njia. Hapo panahitaji "samahani", na ikifuatwa na "naenda kukuchapia upya sasa hivi", huyo mwenzio hatakuwa na la kuongeza.

"Tutalifanyia kazi" ina ubaya gani? Kila ofisi wanasema hivyo.

Ndiyo, na kila aliyewahi kuambiwa hivyo anajua kilichofuata. Hiyo ina ndugu zake: "nalifuatilia", "lipo kwenye mchakato", "nitajitahidi", "bado kidogo tu", na "nipo njiani" ya mtu ambaye kwenye simu unasikia maji yanamiminwa kwenye ndoo.

Ubaya wake ni kwamba hazishikiki. "Tu-" ni akina nani? "Li-" ni lipi? Kazi itaisha lini? Mteja anaondoka akidhani amepewa ahadi, wewe unabaki ukijua hukuahidi kitu, na siku atakaporudi nyote wawili mtakuwa sahihi. Nimeona urafiki wa miaka ukiisha kwa neno "nalifuatilia".

Ahadi ya kazini iwe na mtu, kitu na saa. "Mama, nitakuletea mimi mwenyewe orodha ya wadaiwa, kesho saa nne asubuhi." Ukiwa huna uhakika na orodha, ahidi kitu kidogo zaidi unachokiweza: "Kesho saa nne nitakupigia nikwambie imefikia wapi." Hiyo nayo ni ahadi kamili. Na tamka asubuhi au mchana, maana ukiandikiana na mtu wa nje, saa 2 yako kwake ni saa 8, na mmoja wenu ataamka bure.

Kuna nusu ya pili ambayo watu wengi huiruka. Ukiona hutaiweza saa nne, sema kabla ya saa nne. Ukigundua saa mbili na nusu, piga simu saa mbili na nusu. Mtu aliyeambiwa mapema anaweza kupanga upya siku yake, hata akikasirika kidogo. Aliyeambiwa baada ya saa kupita amekwisha kuvaa, amekwisha kupanda daladala, na yuko mlangoni kwako na jua la saa sita kichwani. Kwa uzoefu wangu, kupiga simu kabla ndiko kugumu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kunauma, kwa sababu unakiri kushindwa wakati bado unatumaini muujiza.

Na inshallah?

Mwacheni inshallah jamani, hana kosa. Katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, Waislamu wameambiwa wasiseme juu ya jambo lolote "nitalifanya kesho" bila kuongeza "Mungu akipenda". Kwa maana hiyo neno linakuja juu ya ahadi ambayo tayari ina siku yake. Kinacholiharibu ni kulisema peke yake, bila kesho wala saa. Ukijibiwa "inshallah" tupu, uliza kwa upole: "Saa ngapi, inshallah?"

Kwenye grupu letu la WhatsApp kazi zinatangazwa na hakuna anayezifanya. Tatizo ni uvivu?

Si lazima. Bosi anaandika: "Jamani, nani atapeleka nyaraka TRA (Mamlaka ya Mapato) leo?" Ndani ya dakika tano kuna vidole gumba saba. Jioni nyaraka ziko palepale juu ya printa. Kila aliyeweka kidole alimaanisha "nimeona, ni wazo zuri, mmoja wetu apeleke".

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio linalofanana na grupu lenu. Waliwakalisha wanafunzi wa chuo chumbani wajaze dodoso, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Walipokaa watatu watatu, ni asilimia 38 tu ya makundi ambayo walau mtu mmoja alitoka. Wengine walibaki wakipunga moshi usiwaingie machoni, huku wanaendelea kujaza. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliangalia wenzake, akaona wametulia, naye akatulia.

Dawa yake ni jina. "Dada Neema, naomba upeleke nyaraka TRA kabla ya saa saba. Ukishagongewa muhuri tutumie picha hapa." Na kama wewe ndiye unayesoma "nani atapeleka", usiweke kidole. Andika "Naenda mimi, natoka saa tano", au kaa kimya kabisa ili ukimya uonekane.

Nikikubali kosa si nitakatwa mshahara? Sisi makeshia tunalipishwa shoti kila mwezi.

Hili ni swali la pembeni, na lina haki ya kuulizwa kwa sauti. Kuna waajiri wanaotumia neno uwajibikaji kama mkono wa kuingilia mfukoni mwa mfanyakazi. Sitakwambia uwe mkweli halafu nikuache hapo.

Tanzania Bara, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kimeweka masharti. Kukata mshahara kwa ajili ya hasara kunataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, na wewe uwe umekubali kwa maandishi. Mwajiri lazima akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipiga hesabu. Lazima akupe nafasi ya kupinga. Asikudai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwa hiyo ile tabia ya kugawanya shoti ya duka kwa wafanyakazi wote sawasawa, hata aliyekuwa likizo, haina pa kusimama. Mgogoro ukishindikana ndani, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kuna muda wa mwisho wa kufungua shauri, usikae nao.

Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea pale ambapo mfanyakazi amefanya kwa kukusudia. Kuna kipengele cha pekee kwa aliyekabidhiwa fedha na mkataba wake ukasema hivyo: huyo anaweza kukatwa kwa upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wake. Soma mkataba wako kabla ya kukaa kwenye droo. Makato yote kwa pamoja hayatakiwi kuvuka theluthi mbili za mshahara.

Unaona basi kwamba sheria hizi zinauliza jambo lilelile alilouliza bosi wangu: nani, kiasi gani, ilitokeaje. Keshia mwenye kumbukumbu analindwa nazo kuliko asiye nazo. Andika shoti siku ileile, hata ya shilingi mia tano, andika na ziada pia. Ziada wengi huzificha wakidhani zitafidia shoti ya kesho, kisha siku ya ukaguzi hawawezi kueleza yote mawili.

Niandike nini, na wapi? Sitaki ukarani usioisha.

Wazee wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nakutaka daftari moja tu, lile la makabidhiano, kwa sababu mambo mengi hupotelea pale mtu mmoja anapotoka na mwingine anapoingia. Walinzi wanalijua hili vizuri kuliko maofisa. Mlinzi mzuri hapokei zamu kwa "huku shwari tu". Anazunguka na mwenzake, anagusa kufuli, anahesabu funguo, ndipo anasaini kwenye OB, daftari la matukio. Wauguzi nao hupita kitanda kwa kitanda.

Dukani au ofisini inatosha mistari michache. Niliyomaliza. Niliyoacha katikati, na yalipofikia. Anayesubiri jibu, na nilimwahidi saa ngapi. Kilichoharibika mikononi mwangu. Huu mstari wa nne ukiwepo kila siku, hata siku zisizo na kitu ukaandika "hakuna", unaacha kuogopesha. Mtu haoni haya kujaza nafasi ambayo kila mmoja huijaza.

Huu hapa ukurasa wa mfano, wa duka la vipuri:

"Alhamisi, zamu ya asubuhi. Mauzo yamefungwa, hakuna shoti. Fundi wa bajaji wa Mbagala amelipa nusu ya kifaa cha breki, salio 15,000, atakuja saa kumi na mbili jioni. Kipo rafu ya pili kwenye mfuko mwekundu. Nimemuuzia mteja oili isiyo yenyewe, amerudi, nimembadilishia, chupa iliyofunguliwa iko chini ya meza. Funguo 3."

Nilipokuwa stoo, kijana mmoja alikuwa akiandika kila jioni "mambo yote sawa". Mwezi mzima. Siku moja nikamuuliza amekaa kwenye ghala gani hilo, nami nihamie.

Inachukua muda gani mpaka iwe mazoea?

Wengi wamesikia siku 21. Usitegemee. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogo za kila siku, kama kunywa maji na mlo au kutembea kidogo. Matokeo yao, yaliyotoka 2009, yalionyesha kipindi cha kati cha siku 66, lakini kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254 kutegemea mtu na jambo. Cha kufariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Ukisahau daftari Jumanne, andika Jumatano.

Kinachosaidia ni kuifunga tabia mpya kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, ameandika sana juu ya mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Usiseme "nitakuwa makini na ahadi zangu". Sema "nikikata simu ya mteja, kabla sijaweka simu mezani, naandika nilichomwahidi". Mimi kalamu yangu imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Inachekesha, ila haijawahi kwenda popote.

Wenzangu wananiita kiherehere, wengine wanasema najipendekeza kwa bosi.

Wanaweza kuwa na sababu. Angalia unaposemea. Ukikiri makosa yako mbele ya bosi tu, na kwa sauti, na hasa siku ambayo wenzako wamekosea zaidi, hiyo kweli ni kujipendekeza. Makosa yako mpelekee aliyeumizwa nayo. Kama ni dereva aliyesubiri saa mbili kwa sababu hukuandaa karatasi zake, samahani yako ni ya dereva.

Na usiwakirie wenzako. "Sisi wote tulichelewa" si unyenyekevu, ni kuwauza.

Anayekwamisha kazi yangu ni mama wa uhasibu, sawa na mama yangu mzazi. Nimwambieje?

Usimwambie kwenye kikao, na usimwandikie kwa kunakili bosi. Nenda mezani kwake asubuhi kabla hajazongwa. Shikamoo kwanza, na uulize nyumbani hawajambo. Kisha leta jambo kama mtu anayeomba msaada, maana kweli unauomba: "Mama, ile orodha ya malipo niliyokuletea Jumanne, vibarua wananiuliza. Niifuate leo saa ngapi nikukute nayo?" Umemwachia yeye kutaja saa. Akishaitaja ni yake. Rudi saa ileile, si kabla wala baada, ukiwa na tabasamu na kalamu.

Ikishindikana mara ya tatu, mwambie wewe kwanza kwamba utalipeleka juu. "Mama, nitalazimika kumweleza meneja kwa nini vibarua hawajalipwa, nisingependa alisikie bila wewe kujua." Nimewahi kuona orodha ikipatikana ndani ya robo saa baada ya sentensi hiyo. Nimewahi pia kuona mtu akinuniwa mwaka mzima.

Mimi ni meneja. Nimewatungia fomu na semina, bado wananificha makosa.

Niambie kwanza: mara ya mwisho mtu alipokuletea habari mbaya kwa hiari yake, uso wako ulifanya nini? Wafanyakazi wako wanaujua uso huo kuliko fomu zako.

Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali huko Marekani, na utafiti ukachapishwa 1996. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akaona maelezo yake. Watu kwenye timu hizo hawakuogopa kuripoti. Kwingine makosa hayakuandikwa. Kwa hiyo meneja ambaye ripoti zake ni safi mwezi baada ya mwezi ana la kujiuliza.

Badilisha swali lako la kwanza. "Nani kafanya hivi?" linafunga midomo. Anza na "Ilikuwaje?", na jina litajileta lenyewe likiwa na maelezo yake. Hapo utakuwa na kazi ya kutenganisha aliyekosea kwa bahati mbaya, aliyekosea kwa sababu utaratibu wako mbovu, na aliyeamua kukosea. Huyu wa tatu yupo, na wafanyakazi wazuri wanakutazama utamfanya nini. Kumwonea aibu kwa kuwa ni mpwa wa mwenye kampuni kunafuta semina zote.

Halafu kosa lako mwenyewe, wewe meneja, liseme wewe kwanza. Si lazima liwe kubwa. "Wiki jana niliwaahidi posho Ijumaa, nikaleta Jumatatu. Nilichelewa kusaini." Kaa kimya baada ya hapo, usiongeze "lakini".

Kuhusu fomu za tathmini, siwezi kuzikataa. Utumishi wa umma Tanzania ulianza mfumo wa tathmini uitwao OPRAS mwaka 2004, mtumishi na msimamizi wakikubaliana malengo mwanzoni na kupima mwishoni, na baadaye ikaja PEPMIS ya kwenye kompyuta. Lakini fomu yoyote ya mwaka ina hatari ileile: ukiijaza yote siku moja mwezi Juni, utatunga malengo yafuate kilichotokea. Dakika kumi za kila Ijumaa na mtu mmoja mmoja zitakusaidia zaidi.

Tubandike mabango ukutani?

Bandikeni, hayaumi. Hospitali nyingi Tanzania zina yale ya 5S, utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi uliotoka Japani, ukapata maneno matano ya Kiswahili kizuri: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Manne ya mwanzo yanafanyika wiki ya uzinduzi kwa shangwe. La tano halina picha nzuri ya kupiga.

Nimejiajiri, sina bosi. Haya yananihusu?

Wewe ndiye yanakuhusu zaidi, muulize yeyote aliyempelekea fundi cherehani kitambaa cha Idi. "Njoo kesho" imevunja mioyo mingi usiku wa kuamkia sikukuu. Fundi mmoja ninayemfahamu alijirekebisha kwa kitu kidogo: kila kitambaa kinachoingia, anakibana pini na kikaratasi chenye jina, vipimo na siku ya kuchukua. Kisha anakitundika kwenye kamba kwa kufuata siku. Mteja mpya akija, fundi anageuka kutazama kamba kabla hajajibu. Kamba ikijaa mpaka Alhamisi anasema Ijumaa. Amepoteza wateja wachache wenye haraka. Huko nyuma alikuwa akipoteza hata wasio na haraka.

Na siku hizi bado unakosea?

Mwezi uliopita nilimwahidi dada mmoja mwenye duka la vyombo kwamba nitamtumia mfano wa daftari la makabidhiano, Ijumaa saa tisa alasiri. Nilikumbuka Jumamosi asubuhi nikiwa soko la samaki la Feri, nimesimama mbele ya beseni la vibua, muuzaji anasubiri niseme kilo ngapi. Nikatoa simu. Nikaandika, "Samahani dada, ile fomu imechelewa kidogo kutokana na". Nikaisoma. Nikafuta yote, nikaandika: "Dada, nilikuahidi jana saa tisa, nikasahau. Nakutumia leo kabla ya saa saba."

Akajibu, "Haya."

Niliituma saa saba kasoro dakika kumi, mikono bado inanuka samaki.